Nesi wa Queens, matundu 4 mlangoni na CCTV ya bei poa

Mlango ukigongwa usiku wa manane, Mswahili ana utaratibu wake. Aliye nje apige hodi, aliye ndani aulize "Nani?" Sauti ikifahamika, komeo linafunguliwa. Isipofahamika, nyumba nzima inanyamaza, kila mmoja anamsikilizia mwenzake atafanya nini.

Katikati ya miaka ya 1960 swali hilohilo la "Nani?" lilikuwa linamkosesha raha nesi mmoja mweusi wa Jamaica, Queens, jijini New York. (Jamaica hii siyo ile ya reggae, ni kitongoji tu cha Queens.) Kazi ya unesi haina saa. Mume wake alikuwa fundi wa elektroniki, na ratiba zao hazikulingana, kwa hiyo mara nyingi mwanamke yule alibaki peke yake nyumbani. Uhalifu mtaani ulikuwa juu, na polisi wakiitwa walikuwa wanachelewa kufika.

Ili kuelewa hofu ya Queens miaka ile, inabidi kurudi Machi 1964. Usiku mmoja, katika kitongoji cha Kew Gardens, si mbali na Jamaica, dada wa miaka 28 aliyekuwa anarudi kutoka kazini alishambuliwa kwa kisu nje ya nyumba yao akauawa. Gazeti kubwa la jiji likaandika kwamba watu 38 walishuhudia na hakuna aliyejishughulisha. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba habari ile ilitiwa chumvi sana. Wengi walisikia kelele tu bila kuona, na jirani mmoja alifungua dirisha akamfokea mshambuliaji mpaka akakimbia, ila jamaa akarudi. Lakini chumvi ilishaingia kwenye chungu. Watu wa Queens walilala wakijua kwamba ukipiga kelele usiku, huenda asije mtu. Na wakati huo New York haikuwa bado na namba ya dharura ya 911. Ilianza kutumika jijini humo mwaka 1968.

Basi nesi na mumewe wakaamua kujitengenezea jibu lao wenyewe.

Walichobuni ni hiki. Kwenye mlango wa mbele kulikuwa na matundu 4 yaliyopangwa kutoka juu kwenda chini. Tundu la juu kwa ajili ya mtu mrefu, la chini kabisa kwa ajili ya mtoto, mengine katikati. Nyuma ya matundu hayo kamera ya televisheni ilipanda na kushuka kwenye reli yake, ikisukumwa na mota, na kusimama kwenye tundu lolote mwenye nyumba analotaka. Picha ilisafirishwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye TV iliyokaa chumbani. Maikrofoni na spika ziliwekwa ili aliye kitandani aongee na aliye mlangoni bila kusogea. Halafu kulikuwa na vitufe. Mgeni akiwa mtu wa heri, unabonyeza kitufe na kitasa kinafunguka chenyewe. Akiwa na shari, unabonyeza kingine na ishara ya hatari inakwenda kwa polisi au kwa walinzi.

Hebu ipige picha hiyo. Mtu amelala, mlango unagongwa, hashuki kitandani, anamwona mgeni usoni, anamuuliza shida yake, kisha anaamua. Hodi, nani, karibu, vyote vimepita kwenye waya na mawimbi. Mwaka 1966!

Tarehe 1 Agosti 1966 wakapeleka maombi ya hataza, yaani ile hati ya serikali inayomtambua mbunifu na kumlinda asiibiwe wazo lake. Jina la mke lilitangulia, la mume likafuata. Hati ilitoka tarehe 2 Desemba 1969 ikiwa na namba 3,482,037. Siku chache baadaye New York Times ikaandika habari yao.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanaosimulia kisa hiki hulipita haraka. Mtambo ule ulifanya kazi yake kubwa KABLA ya mlango kufunguliwa. Faida yote ilikuwa pale kati ya hodi na karibu, wakati mwenye nyumba bado ana la kuchagua. CCTV nyingi za majumbani leo zimekaa upande wa pili. Mwizi kaingia, kabeba TV na mtungi wa gesi, katoka, asubuhi familia inakaa mbele ya skrini kumtazama akiondoka navyo. Kutoka kwa nesi mpaka hapa, kitu gani kilitokea katikati? Jibu fupi ni hela na waya. Jibu refu lina visa vyake.

Kamera ya kuangalia kitu kwa mbali haikuanzia nyumbani. Mwaka 1942, Ujerumani ya vita ilifunga kamera za televisheni kule Peenemünde, pwani ya Baltiki, ili wahandisi waangalie roketi za V-2 zikipaa bila wao kukaa karibu. Ilikuwa busara, maana roketi zile zilikuwa na tabia ya kulipuka palepale. Vita ilipoisha, kamera za namna hiyo zikahamia viwandani, benki na kwenye taasisi zenye pesa. Nyumbani? Hapana. Kamera ya wakati ule ilikuwa dude zito lenye taa maalumu ya kioo ndani yake, inayotaka mwanga wa kutosha, na inayochakaa. Ukiielekeza sehemu moja yenye mwanga mkali kwa muda mrefu, alama yake ilibaki imechomeka ndani kama kovu.

Kurekodi ndiyo kabisa. Mashine ya kwanza ya kurekodi video kwenye kanda iliyouzwa sokoni, ya Ampex mwaka 1956, iligharimu zaidi ya dola 40,000. Mwaka 1965 Sony wakatoa ya nyumbani kwa chini ya dola 700, na hiyo bado ilikuwa anasa. Ndiyo maana mtambo wa nesi, pamoja na uzuri wake wote, haukuingia madukani wakati ule. Nyumba ya kawaida ingepata wapi kamera, mota, redio, kitasa cha umeme na TV ya ziada ya kuweka chumbani? Yeye na mumewe waliweza kwa sababu fundi alikuwa ndani ya nyumba. Gharama ya ufundi ilikuwa usingizi wao.

Kwa kulinganisha tu, Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo chochote cha televisheni, na haikuwa nacho mpaka 1994. Zanzibar walitangulia, wakawa na TV ya rangi mapema miaka ya 1970. Wakati mwanamke wa Queens anachungulia mlango wake kwenye skrini, sehemu kubwa ya wasemaji wa Kiswahili walikuwa hawajawahi kuiona TV ikiwaka.

Mwaka uleule wa 1969 hataza ilipotoka, wanasayansi wawili wa maabara ya Bell, New Jersey, walibuni chipu ya kunasa picha bila ile taa ya kioo. Ilikuja kuwapa Nobel ya fizikia mwaka 2009. Kamera zikaanza kuwa ndogo, zenye kuvumilia. Miaka ya 1990 injinia mmoja wa maabara ya NASA kule California, akitafuta kamera nyepesi za vyombo vya anga, akaendeleza aina nyingine ya chipu, rahisi zaidi kutengeneza na isiyokula umeme. Hiyo ndiyo baba wa kamera zilizomo kwenye simu leo na kwenye CCTV za Kariakoo. Kumbe ile kamera ya getini ina undugu na safari za anga.

Lakini kabla ya bei kushuka, kamera zilipita kwanza kwenye maduka na mitaa ya miji, na huko ndiko tabia yake ilibadilika. Mwenye duka hana haja ya kuuliza "Nani?" kwa kila anayeingia. Anataka kanda. Ikitokea kitu, airudishe nyuma aangalie. Kanda za VHS zilirekodiwa, zikafutwa, zikarekodiwa tena mpaka picha ikawa ukungu mtupu.

Ijumaa ya tarehe 12 Februari 1993, kamera za jengo moja la maduka mjini Bootle, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, zilinasa wavulana wawili wa miaka 10 wakimwongoza kwa mkono mtoto ambaye alikuwa hajafika hata miaka 3. Mama yake alikuwa dukani, kamuachia mkono sekunde chache tu. Picha ile ya ukungu ilionyeshwa na kila kituo cha TV. Mtoto alipatikana siku mbili baadaye, ameshauawa. Picha ziliwasaidia polisi kujua kwamba waliomchukua ni watoto, na wavulana wale walihukumiwa mwaka huohuo. Serikali ya Uingereza ikamwaga pesa kufunga kamera mijini, nchi nzima. Kamera iliona kila kitu siku ile. Ila hakukuwa na mtu upande wa pili wa waya aliyekuwa anauliza "Nyie, huyo mtoto wa nani?"

Kisa kingine cha kipindi hichohicho ni cha kuchekesha. Mwaka 1991 wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kupanda na kushuka ngazi kufuata kahawa na kukuta birika tupu. Wakaielekezea birika kamera, wakaiunganisha na kompyuta, picha ikasambaa kwenye mtandao wa ndani wa jengo. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, pikseli 128 kwa 128. Mwaka 1993 ikawekwa kwenye intaneti, na watu wa dunia nzima wakawa wanaangalia birika la kahawa la wenzao. Ilizimwa Agosti 2001, na birika likanunuliwa mnadani kwa pauni 3,350, na lilikuwa bovu! Uvivu ule wa kahawa ulithibitisha jambo kubwa: picha ya kamera inaweza kupita kwenye nyaya zilezile za kompyuta. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Uswidi ikauza kamera ya kwanza ya kuchomeka moja kwa moja kwenye mtandao. Kwa picha kubwa ilihitaji kama sekunde 17 kutoa moja. Kibaka angekuwa ameshavuka ukuta.

Hapo ndipo historia inapofika kwenye waya wa nyumbani, na mwenye bajeti ndogo anapopaswa kukaa macho, kwa sababu mpaka leo madukani zipo njia mbili na kila moja ina ukoo wake.

Ya kwanza ni ya ukoo wa zamani, ule wa maduka na kanda. Kila kamera inavutwa waya wa picha, mnene kama wa antena ya TV, ukiambatana na waya mwembamba wa umeme wa volti 12. Zote zinarudi kwenye DVR. Ni bei nafuu, mafundi wengi wanaijua, na picha siku hizi ni safi. Ugonjwa wake uko kwenye ule waya mwembamba wa umeme. Volti 12 ni kidogo, na waya hula sehemu yake njiani. Chukua kamera iliyo mita 30 kutoka kwenye DVR, waya wake wa shaba ukiwa na unene wa milimita za mraba 0.3. Mchana kamera inavuta kama ampea 0.2 na inapokea volti 11 na ushee, kazi inaendelea. Usiku taa zake za infraredi zinawaka, inavuta ampea 0.5, na kinachofika ni volti 10.3. Kama waya ulionunuliwa kwa bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba juu, kinachofika ni chini ya volti 9.5. Matokeo yake kamera inazima, inawaka, inazima. Mchana kutwa inafanya kazi vizuri, giza likiingia inakufa. Wenye nyumba wengi huishia kuilaumu kamera, wanabadilisha, na mpya nayo inafanya vilevile.

Kuna kipimo cha kijijini kisichohitaji mashine. Kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ikitokea rangi ya fedha ndani, hiyo siyo shaba, hata kama boksi limeandikwa nini.

Ya pili ni ya ukoo wa birika la kahawa. Kamera inavutwa waya mmoja tu wa mtandao, unaobeba picha na umeme kwa pamoja. Utaratibu wa kupitisha umeme humo uliwekewa viwango vya kimataifa mwaka 2003. Humo inapita kama volti 48 badala ya 12, kwa hiyo ampea zinazohitajika ni chache, na kwa mita 30 zilezile hupotei hata nusu volti. Kikomo chake ni mita 100, na nyumba ya kawaida haifiki huko. Kamera na kisanduku chake ni ghali kidogo kuliko za ukoo wa kwanza, ila unavuta waya mmoja badala ya miwili, hakuna adapta 4 zinazoning'inia darini, na UPS moja tu ikikaa kwenye kisanduku, umeme ukikatika kamera zote zinabaki hai. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu kibaka naye anajua siku ya mgao wa umeme.

Kwenye diski nako kuna hesabu ambayo muuzaji haitaji. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde, inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 4 ni 172. Diski ya terabaiti 1 inajaa ndani ya siku 5 na kitu, halafu inaanza kujifuta. Ukisafiri wiki mbili kwenda msibani ukirudi ukakuta mlango umevunjwa, video ya siku yenyewe huenda imeshafutika. Kurekodi pale tu kitu kinapopita huokoa nafasi nyingi, alimradi kamera isielekezwe kwenye mgomba unaotikisika na upepo usiku kucha.

Kisha ikaja enzi ya tatu, ya kamera zisizo na waya wa picha kabisa. Oktoba 2017 Marekani ikaanza kuuzwa kamera ya nyumbani kwa dola 20. Miaka 50 na ushee tangu nesi na mumewe waunganishe mota na reli, ndoto yao ikawa na bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Na hii ina vitu viwili vilivyofanana na vya nesi kuliko DVR yoyote: unaona ukiwa kitandani na unaongea na aliye mlangoni. Kinachopungua ni kwamba picha ya nesi ilitoka mlangoni ikaishia chumbani kwake. Ya leo inatoka getini, inapita kwenye seva za nchi nyingine, ndipo irudi kwenye simu ya mtu aliyekaa sebuleni mita 8 kutoka getini. Bando likiisha, hodi imepotelea njiani.

Na njiani humo kuna watu. Mwaka 2016 vijana 3 wa Marekani, waliokuwa wanagombania biashara ya seva za gemu ya Minecraft, walitengeneza programu iliyokuwa inazunguka intaneti ikijaribu majina na nywila za kiwandani, kama 60 hivi, zile za aina ya "admin" na "12345". Ikateka mamia ya maelfu ya vifaa, vingi vikiwa kamera na DVR za watu wa kawaida. Walipoimwaga hadharani, wengine wakaichukua, na tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo la kamera lilitumika kuangusha huduma kwa masaa, Twitter na Netflix zikiwemo. Vijana wale walikiri makosa mahakamani mwaka 2017, wakiwa na miaka 20 na 21. Wenye kamera wengi hawakujua kitu. Kamera zao ziliendelea kuonyesha geti kama kawaida huku zikifanya kazi ya mwingine. Kubadilisha nywila ya kiwandani ni bure na kunachukua dakika 2, lakini ni nyumba ngapi mpaka leo fundi kaondoka akiwa ndiye pekee anayeijua?

Kwenye upande wa hela kisa kinauma zaidi. Jamaa mmoja wa California, akifanyia kazi zake gereji, alikuwa hasikii wageni wanaogonga, akatengeneza kengele yenye kamera. Mwaka 2013 alikwenda kwenye kipindi cha TV cha Shark Tank kuomba mtaji wa dola 700,000, akaondoka bila mkataba. Mwaka 2018 Amazon ikainunua kampuni yake, na dau lililoripotiwa lilipita dola bilioni 1. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 5.8, baada ya mamlaka ya Marekani inayolinda wateja kudai kwamba kuna mfanyakazi aliyeangalia maelfu ya video za wanawake wakiwa vyumbani na bafuni mwao.

Na nesi? Hataza ya Marekani wakati ule ilidumu miaka 17 tangu itolewe. Ya kwake iliisha Desemba 1986, kamera zikiwa bado ghali. Bei iliposhuka, wazo lilikuwa limeshakuwa mali ya kila mtu. Wabunifu waliokuja baadaye wameitaja hati yake mara nyingi kwenye hataza zao, heshima ambayo hailipi kodi ya nyumba. Alifariki Februari 1999, akiwa na miaka 76, Queens kwao.

Miji ya Afrika Mashariki imeichukua teknolojia hii kwa namna yake. Ukuta wenye vipande vya chupa upo, fensi ya umeme ipo, mlinzi mwenye rungu na redio ndogo yupo, na kamera imeongezwa juu yao. Sheria nazo zimefuata, Kenya ikiwa na yake ya kulinda taarifa za watu tangu 2019 na Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo kamera inayochungulia uwani kwa jirani anakoanika nguo siyo tena suala la kugombana tu.

Bajeti ikibana, kinachokatwa kwanza kwenye orodha ya fundi ni yale mambo ya nesi. Spika ya getini inaondolewa. Kitasa cha umeme kinaondolewa. Kitufe cha king'ora kinaondolewa. Zinabaki kamera 4, moja kila kona ya nyumba, zimepandishwa chini ya paa mita 4 kutoka ardhini ili zisiibiwe.

Na hapo kuna hesabu ya mwisho. Kamera ya kawaida yenye lenzi pana, inayotazama digrii kama 105, ikiwa na pikseli 1,920 kwa upana, inapotazama mtu aliye mita 10 mbele yake inakuwa imetandaza pikseli hizo kwenye upana wa mita 26. Uso wa mtu una sentimita 16 hivi. Unapata pikseli 12. Pikseli 12 zitaonyesha kuna mtu, labda na rangi ya shati, basi. Kutoka juu ya paa hata hizo 12 zinaishia kwenye kofia. Kumtambua mtu usoni bila wasiwasi, viwango vya kimataifa vinataka pikseli 250 kwa kila mita, ambazo kamera hiyohiyo inazipata mtu akiwa ndani ya mita 3.

Kwa hiyo mafundi wanaojua kazi wakipewa hela ya kamera 4 hununua 3, na ile chenji wanaitumia kwa shaba halisi na spika ndogo ya getini. Mbili zinakaa juu. Ya tatu inashushwa, inafichwa kwenye nguzo ya geti mita moja na nusu kutoka chini, hatua mbili tu kutoka pale mgeni anaposimama kubonyeza kengele, ikimtazama usoni. Ni wazo lilelile la matundu ya katikati ya mlango wa Queens.